Wa Kozi Moja: Tunadaiana Nini?

Kuna methali ambayo karibu kila mwanafunzi wa Kenya amewahi kuiandikia insha: mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mwalimu alitaka kisa cha tajiri aliyefilisika, marafiki wakatoweka, ndugu wakabaki. Tuliandika, tukapewa alama zetu, tukaisahau. Mimi ilinirudia mwaka wa 1986, nilipofuzu kutoka chuo cha makadeti kule Lanet, nje kidogo ya mji wa Nakuru, chuo ambacho siku hizi kinaitwa Kenya Military Academy. Ilinirudia kwa sababu kazi yote ya pale ilikuwa kuipinga. Jeshi huchukua vijana ambao hawakuzaliwa pamoja, huwalisha pamoja, kisha huwaambia bila kupepesa macho kwamba ikibidi watakufa pamoja. Yaani mla nawe ndiye wa kufa nawe.

Miaka karibu 40 imepita. Wengi wetu tumestaafu, na hakuna tena anayetutaka tufe pamoja. Tunachotakiwa sasa ni kujibu simu, kutoa mchango, kufika matangani. Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Watu waliowekwa pamoja na serikali wakiwa na miaka ishirini, wanadaiana nini wakiwa na sitini?

Wacha niseme kwanza jambo ambalo wenzangu wa kozi hawapendi kulisikia: wengi wetu hatukuwa marafiki. Jirani yangu wa kitanda sikumchagua. Nilipewa na karani aliyepanga majina kwenye orodha. Alikuwa akikoroma, alikuwa akiazima dawa yangu ya viatu bila kuomba, na alikuwa na tabia ya kunyamaza siku nzima akikasirika. Lakini usiku mmoja wa matembezi marefu, mzigo mgongoni na mvua ikinyesha, kifundo cha mguu wangu kilipinda zikiwa zimebaki kilomita kama tisa. Kadeti aliyeshindwa na matembezi yale alijua njia ya kurudi kwao. Yule bwana alichukua mzigo wangu akauweka juu ya wake. Hakusema neno. Tulifika mwisho kabisa, lakini tulifika. Kesho yake akaazima tena dawa ya viatu.

Kozi yetu ilitawanyika kama kozi zote. Wengine walikwenda Namibia mwaka wa 1989 na kikosi cha Umoja wa Mataifa, wengine Kroatia miaka ya tisini, wengine Sierra Leone. Mmoja alipanda hadi cheo cha Meja Jenerali. Wengi tulistaafu tukiwa Meja au Luteni Kanali. Mmoja anafuga kuku Kitale, mwingine alikwenda nchi za Ghuba kusimamia walinzi. Orodha ya marehemu nayo inarefuka: barabara, saratani, Somalia. Waliobaki tuko kwenye kundi moja la WhatsApp, ambalo asubuhi hujaa maua na aya, na jioni hujaa namba za M-Pesa.

Aristotle aliwahi kulitazama jambo hili. Katika kitabu chake cha maadili, anapojadili urafiki, anataja wazi kwamba askari wenza na wasafiri wa chombo kimoja huitana marafiki, na kwamba urafiki wao hufika pale ushirika wao unapofika. Chombo kikitia nanga, kila mtu na njia yake. Lakini baadaye katika kitabu hichohicho anauliza swali gumu zaidi: je, kama rafiki mmoja amebadilika, au mmoja amepanda na mwingine amebaki palepale, ni haki kuvunja? Jibu lake ni la mtu aliyeishi duniani. Anakubali kwamba urafiki wenyewe unaweza kwisha, ila anasema kumbukumbu ya ukaribu ule wa zamani inastahili kitu. Hatuwezi kumtendea mtu yule kama tusiyewahi kumjua.

Inastahili kitu. Sawa, lakini kitu gani? Hapo Aristotle hakunisaidia sana, nikageukia kwetu. Neno ambalo linatufaa kuliko urafiki ni rika. Jamii nyingi za Kenya zinalijua. Waliopitia jando pamoja hawakuchaguana, na haikujalisha kama walipendana. Waliumia siku moja, wakaonana wakiwa wanyonge, na kuanzia hapo walikuwa na haki juu ya mwenzao na wajibu kwake. Miongoni mwa Wamaasai, mwanamume haoi binti wa mwenzake wa rika, kwa sababu binti yule anahesabiwa kuwa binti yake pia. Fikiria uzito wa jambo hilo. Uhusiano ambao hukuuchagua unakupa mtoto ambaye hukumzaa, na unakupa mwiko pamoja naye.

Na rika lilikuwa na upande mwingine ambao sisi wa kozi tumeusahau: lilikuwa likimkanya mtu wake. Aliyelitia aibu aliitwa na wenzake, akaambiwa usoni, akatozwa faini. Kundi letu limebakisha michango na salamu. Kukanyana tumewaachia wake zetu na mahakama.

Haya yote yangekuwa maneno ya mzee anayezungumza na chai yake kama si yaliyotokea kwa yule jirani wa kitanda. Aliacha jeshi mapema, akiwa Kapteni, akajaribu biashara ya mbao, ikaanguka. Kisha akaanza kuishi kwa kile alichobaki nacho, yaani sura ya afande. Mama mmoja mjane, mkulima, alikuwa na kijana aliyetaka kuandikwa jeshini. Mwenzetu akamwambia anawajua wakubwa, na kweli anawajua, kwa kuwa tulilala nao bweni moja. Mama akauza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, akampa shilingi 280,000. Nafasi haikuwepo. Kijana alifika uwanjani siku ya kuandikisha, akarudishwa. Akaambiwa angoje mwaka ujao, mambo yanapangwa. Mwaka ukaja, akaambiwa hivyohivyo. Mwishowe mama akaenda polisi, kesi ikaanza kusuasua, habari ikafika kwenye kundi, na msimamizi wa kundi akamwondoa mwenzetu siku hiyohiyo. Hakuna aliyepinga. Hakuna pia aliyemuuliza.

Mimi niliendelea kumpigia simu. Sikumpigia kumtetea, na sikumficha nilichofikiri. Tulikuwa tukisalimiana, namuuliza kuhusu yule mama, ananyamaza, tunaagana. Baada ya miaka miwili simu ikapigwa na mkewe. "Shemeji," akasema, "figo zimekataa. Anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki. Bima inalipa sehemu tu. Wale wenzenu wanaweza kutusaidia?"

Nikalipeleka ombi kwenye kundi, na kundi likagawanyika. Baadhi walisema afande ni afande, mtu akianguka unambeba, maswali baadaye. Wengine walisema alitupaka matope, abebe mzigo wake mwenyewe. Na wengi, kama ilivyo kawaida, walisoma ujumbe wakanyamaza.

Nilizisikiliza pande zote mbili, na kila moja ilikuwa na kitu cha kweli. Waliotaka kusaidia walikumbuka kwamba hakuna mtu ambaye ni kosa lake tu. Waliokataa walikumbuka mama. Lakini pande zote mbili zilikuwa zikifikiri kwamba lazima mtu achague: ama umkumbatie mwenzako na umsahau aliyemwumiza, ama umkumbuke aliyeumizwa na umtupe mwenzako. Mimi sikuona kwa nini.

Kuna kisa cha wanajeshi wawili wa Marekani ambacho nilikisoma zamani na hakijaniacha. Ulysses Grant na Simon Buckner walisoma pamoja katika chuo cha kijeshi cha West Point. Walipishana mwaka mmoja tu: Grant alifuzu 1843, Buckner 1844. Mwaka wa 1854 Grant alijiuzulu jeshini, akafika New York akiwa hana kitu, na Buckner akamsaidia deni la hoteli. Miaka minane baadaye walikuwa pande mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Februari 1862, Buckner akiwa ndani ya ngome ya Fort Donelson iliyozingirwa, aliandika kuomba masharti ya kusalimu amri. Aliyezingira alikuwa Grant. Grant akamjibu kwamba hakuna masharti, asalimu amri mara moja. Buckner aliumia, akajibu kwamba masharti hayo hayana ukarimu wala uungwana, lakini akasalimu amri. Baadaye Buckner mwenyewe alisimulia kwamba baada ya kushindwa, Grant alimfuata pembeni, akamwambia kwamba mfuko wake wa fedha uko tayari kwa ajili yake. Mwaka wa 1885, Grant akiwa anakufa kwa saratani ya koo, Buckner alisafiri kwenda kumwona, na alikuwa miongoni mwa waliolisindikiza jeneza lake.

Watu husimulia kisa hiki kama habari ya urafiki usiokufa. Mimi nakiona kama somo la mipaka. Ngome ile haikuwa mali ya Grant. Ilikuwa ni jambo la nchi yake na la maelfu ya askari, kwa hiyo hakuipunguzia bei kwa sababu aliyekuwa ndani aliwahi kumlipia hoteli. Mfuko wa fedha ulikuwa wake, kwa hiyo akautoa wote. Basi nikajipatia kanuni: kilicho cha umma hakigawanywi kwa misingi ya ukozi, na kilicho changu sikinyimi ukozi.

Kanuni hii imenigharimu. Mwenzetu mwingine, mtu mwema kabisa, aliwahi kuniomba niseme neno moja tu kwa afisa aliyekuwa akisimamia uandikishaji, mwanawe apite. "Neno moja, bwana, si unanijua?" Nilimjua vizuri sana. Nikamwambia nitampa kijana nauli, nitampa viatu vya kukimbilia, nitakwenda naye uwanjani alfajiri nikasimame nje ya uzio, lakini neno sitasema. Nafasi ile si yangu wala si yako. Kuna kijana mwingine kwenye mstari uleule ambaye baba yake hakulala Lanet, na mimi nikisema neno, yeye ndiye anayelipa. Mwenzangu hajanipigia simu tangu siku hiyo. Namkosa. Bado ninaamini nilimpa kila kilichokuwa changu.

Lakini kanuni ya Grant haikutosha kwa yule wa figo. Ilinieleza nitoe nini. Haikunieleza deni la mama ni la nani. Jibu la hilo nililipata kutoka kaskazini. Nimehudumu Wajir na Mandera, na pale niliona jinsi Wasomali wanavyolipa diya. Mtu akiua au akijeruhi, fidia haidaiwi kwake peke yake. Kundi lake la ukoo hukusanya na kulipa pamoja, kwa sababu ndilo lililompa nguvu ya kusimama mbele za watu. Mfumo huo una kasoro zake, na wenyeji ndio wa kwanza kuzitaja. Huweza kumfanya mkosaji ajisikie mwepesi, na wanyonge hawapati sauti ndani yake. Hata hivyo una hekima moja ambayo sisi tumeikosa: kama unafaidika na jina la kundi, kundi litaulizwa jina hilo limefanya nini.

Mama yule hakumwamini mwenzetu kwa sababu ya uso wake. Alimwamini kwa sababu yetu. Aliuza ng'ombe kwa sababu mtu yule aliweza kumwonyesha picha ya kozi, akaweka kidole juu ya mmoja wetu na kusema, "Huyu ni Jenerali, tulilala chumba kimoja." Sisi ndio tuliokuwa dhamana, ingawa hatukuulizwa.

Kwa hiyo nikaandika kwenye kundi kwamba nitachanga, na pendekezo langu ni hili: tulipe kwanza shilingi 280,000 za mama, halafu ndipo tuanze hospitali, na vyote viwili tuvifanye haraka, kwa kuwa figo hazingojei. Watatu walijiondoa kwenye kundi. Mmoja akauliza, kwa haki kabisa: "Na huyo mama je? Si naye alikuwa anahonga?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kila mara uandikishaji unapotangazwa, jeshi huonya kwamba nafasi haziuzwi, na anayetoa ana hatia kama anayepokea. Mama alijua. Lakini kosa la aliyetoa halimpi aliyepokea haki ya kubaki na fedha, na wala halilingani nalo. Yeye alikuwa anaogopa kwamba bila fedha mwanawe hataonekana, na aliyepanda hofu ile ndani yake ni mtu aliyevaa jina letu. Kama kuna faini yake, hakimu ataitaja. Sisi hatukuwa mahakimu wake. Tulikuwa wadeni wake.

Tulikuwa watu kumi na saba. Ilituchukua miezi minne kwa deni la mama, na katika miezi hiyohiyo baadhi yetu walikuwa wakituma cha hospitali kando, bila kutangaza. Mimi na mwenzangu mmoja ndio tuliokwenda kumkabidhi. Alizihesabu pole pole, akazihesabu tena. Kisha akauliza, "Na yeye yuko wapi?" Tukamwambia yuko hospitalini, na ugonjwa gani. Akanyamaza. "Mwambieni nimepata," akasema. "Lakini mwambieni pia mwanangu sasa ana miaka ishirini na saba."

Mwanajeshi yeyote mstaafu anajua maana ya sentensi hiyo. Kuruta wa kawaida huandikwa akiwa kati ya miaka 18 na 26. Kijana alikuwa amengoja ahadi badala ya kwenda kujaribu bahati yake kama wengine, na mlango ulikuwa umejifunga. Fedha tuliweza kurudisha. Miaka ile hakuna mchango unaoifikia. Mama hakutushukuru, na hakukuwa na sababu ya kutushukuru.

Nilipompelekea mwenzetu ujumbe ule, mashine ikiwa inaendelea kando ya kitanda, alitazama dari kwa muda mrefu. Nilidhani atalia au atakasirika kwa sababu jina lake limetajwa mbele ya watu kumi na saba. Akauliza tu, "Kijana anafanya nini siku hizi?" Nikamwambia anaendesha bodaboda, si yake, ya mtu. Akafumba macho. Sijui alichofikiri, na sikumuuliza. Amerudishwa kwenye kundi. Hatumi maua.

Nimewasikia vijana wakisema kwamba mtu hana deni kwa watu ambao hakuwachagua: si wazazi, si ndugu, seuze watu wa bweni la zamani. Naelewa wanatoka wapi. Wengi wao wamenyonywa kwa jina la undugu, na wana haki ya kusema basi. Ila nadhani wanakosea mahali deni linapokaa. Simdai mwenzangu wa kozi anipende, wala yeye hanidai nimpende. Tunadaiana kujuana. Alinijua kabla sijawa na cheo, kabla sijajifunza kusema kwa sauti ya ofisi. Alijua ninakimbiaje nikichoka, ninasema nini nikiogopa. Mtu kama huyo ndiye pekee anayeweza kuniambia kwamba nimeharibika, maana ana cha kulinganishia. Mke wangu alinikuta nikiwa nimeshakamilika, watoto wangu walinikuta mzee. Nikimtupa mwenzangu wa kozi, nimemtupa shahidi, na mtu asiye na shahidi huanza kujiaminisha lolote.

Ndiyo maana siamini katika kumwondoa mtu kwenye kundi kama adhabu. Aliyeondolewa haadhibiwi, anafichwa, na pamoja naye tunajificha sisi. Adhabu ya rika ilikuwa kumweka mtu katikati, siyo nje. Na siamini pia katika mchango usiouliza lolote, ule wa kutuma elfu moja na emoji ya mikono iliyounganishwa. Huo hununua utulivu wa mtoaji.

Huenda wewe msomaji hukupita Lanet. Lakini kuna bweni ulilala, au kwaya uliyoimba, au zamu ya usiku uliyofanya na watu ambao leo ni namba tu kwenye simu. Mmoja wao ameanguka, na unajua, na umekaa na namba hiyo miezi mingapi sasa. Mpigie. Usianze na fedha, na usianze na kosa. Muulize kwanza ameamkaje. Hayo mengine yatafuata, na ukiwa tayari kuyasikia yote, na kumsikia pia aliyeumizwa naye, utajua cha kutoa ni kipi na cha kukataa ni kipi.